Uzi wa Tatu wa Gitaa la Bunda

Kabla sijasema lolote, nitenganishe mambo mawili ambayo ninyi vijana mnaokuja Jumapili kusikiliza jazi mmezoea kuyachanganya. Nimeona kwa macho yangu mpiga solo aliyeitwa Mafuru akifukuzwa katika bendi yetu ya Musoma, mbele ya meza ya kamati, nami nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka pale alipokuwa amesimama. Nimesikia tu, wala sikuona, kwamba alifukuzwa kwa sababu alinunuliwa na bendi ya Bunda. La kwanza nitalitetea mahali popote. La pili limezunguka kumbi za Musoma, Bunda na Butiama kwa muda mrefu mno, na siku hizi linasimuliwa na watu waliozaliwa bendi zote mbili zikiwa zimekwisha kufa. Chanzo chake nakijua. Chanzo chake ni mimi.

Kazi yangu, tangu nilipotoka shule ya ufundi hadi mgongo uliponikataza kubeba spika, ilikuwa kutunza vyombo vya bendi. Sikupiga chombo hata kimoja jukwaani. Nilifunga nyaya, niliziunga kwa risasi ya kuchomelea, nilibadili nyuzi za magitaa na kuwamba ngozi za tumba. Na muziki ulipoanza nilikaa nyuma ya amplifaya nikiwa na bisibisi mfukoni. Wapenzi wa muziki hawakunijua jina. Wanabendi waliniita Fundi, na chombo kilipokoroma katikati ya wimbo waliniita kwa majina mengine.

Aliyenifundisha ni Mzee Wambura, mwenye kibanda cha kutengeneza redio pale mtaa wa Iringo. Mteja alipofika akaanza kueleza kwamba redio imepigwa na radi, au kwamba shemeji ndiye aliyeiharibu, Mzee Wambura alikuwa akimnyooshea mkono na kungoja anyamaze. Akishaondoka, alinigeukia. “Mteja anakuja na redio na hadithi,” alisema. “Wewe pokea redio. Hadithi arudi nayo kwao.” Nilijivunia kulishika fundisho hilo kuliko wanafunzi wake wote. Mtaona lilivyonifaa.

Nyuzi za gitaa zilikuwa adimu. Zikikatika, tuliagiza Mwanza na kungoja, na katika kungoja huko bendi haiwezi kuwaambia watu wainuke vitini warudi nyumbani. Kwa hiyo nilitumia waya wa breki ya baiskeli. Ukiufumua unapata nyaya nyembamba kadhaa. Unachagua ule ulionyooka, unausugua kwa majivu na kitambaa hadi uache kuchafua vidole. Shida iko mwishoni. Uzi wa dukani huja na kipete kidogo kinachouzuia usichomoke pale unapofungwa. Waya wa breki hauna. Mimi nilitumia kijicho cha shaba cha kiatu, kile kitundu cha kupitishia kamba, na waya nikauzungusha humo mara saba. Mara sita hulegea. Mara nane hukatika. Viatu vyangu vya enzi hizo vilikuwa na vijicho upande mmoja tu, na mke wangu alijua bendi inaendeleaje kwa kutazama miguu yangu.

Uzi uliokatika zaidi ni wa tatu, kwa sababu Mafuru aliuvuta mno. Waya wa breki ukiwekwa mahali hapo hutoa sauti yenye ukavu fulani, kama kijiko kinachogonga ukingo wa sufuria katika nyumba ya jirani. Asiyejua haisikii. Mimi niliisikia hata nikiwa mlangoni.

Hapa nitoke kidogo nje ya kisa, kwa kuwa nimewaona mnavyosikiliza na sijaridhika. Mnasimama mbele ya spika, mnainua simu, kisha mnaondoka mkisema mmefurahia jazi. Mbele ya spika ndipo mahali pabaya kuliko pote ukumbini. Pale utapata besi tumboni na hutapata kitu kingine. Simama pembeni, upande wa gitaa la rizimu, karibu na ukuta. Wimbo wa kwanza usiuhukumu, maana huo ni wa fundi. Anapima ukumbi umejaa kiasi gani na sauti inarudije kutoka kwenye bati. Wimbo wa pili sikiliza rizimu peke yake, kana kwamba wengine hawapo. Wa tatu, tafuta tumba. Ukifika chemko, pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yakaachiwa uwanja, utakuwa umekwisha kujua nani anambeba nani, na miguu yako haitahitaji kuambiwa. Furaha ya muziki wa jukwaani iko hapo: unaona mkono, unasikia sauti, na viwili hivyo ni kitu kimoja. Ukikosa kimoja, umepungukiwa. Nimelijua hilo kwa gharama.

Mafuru alitoka Nyegina, kwa wakulima, na gitaa alifundishwa na katekista. Alikuwa mpole, mwembamba, na alikuwa na tabia moja ya upigaji ambayo sijaiona kwa mwingine wa umri wake: kwenye chemko hakuingia pale ulipomtarajia. Alichelewa kidogo sana, kama mwenyeji anayengoja mgeni akae kwanza ndipo aanze kuzungumza. Wachezaji walikuwa wakiinua mguu na kungoja naye. Kwa ajili ya kuchelewa huko watu walitoka Kiabakari na Butiama kuja kwenye bugi letu, yaani dansi la alasiri ya Jumapili, lililoanza watu wakishatoka kanisani na kula, likaisha kabla wenye ng'ombe wa kukamua hawajaanza kutazama jua.

Siku moja mpiga besi wetu, Chacha, alinikuta mezani kwangu akaniambia kwamba mtu wetu wa solo anauza mkono Bunda, yaani anapiga huko kwa siri. Nilimuuliza amejuaje. Akasema watu wanasema. Nikamwambia watu hawana jina wala anwani, aniletee mmoja aliyeona. Akacheka, akasema, “Basi nenda mwenyewe, Fundi, wewe ndiye mwenye masikio.”

Mjue uzito wa jambo lenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, mtindo ulikuwa mali ya bendi, na mwanamuziki aliyepiga kwingine bila ruhusa alifukuzwa bila mjadala. Nikaona ni haki ya Mafuru kwamba tuhuma ipimwe. Nawaambieni hivyo ili mjue kwamba nilikwenda Bunda nikijihesabu kuwa mtu mwangalifu.

Jumapili iliyofuata hatukuwa na bugi, kwa kuwa ukumbi ulichukuliwa na harusi. Mafuru aliaga kwamba anakwenda Kiabakari kwenye kikao cha mahari ya dada yake. Nikapanda basi la Bunda. Nilipokaribia ukumbi, muziki ulikuwa umekwisha kukolea. Lakini sikuingia. Ilikuwa desturi yetu, bendi hizo mbili, kwamba mtu wa upande mmoja akionekana kwenye ukumbi wa upande wa pili, anatangazwa kwenye kipaza sauti kuwa mgeni aliyekuja kujifunza, anawekewa kiti katikati ya sakafu, na anaimbiwa hadi wimbo uishe huku watu wakimzunguka. Ulikuwa utani wa kawaida, na wengine waliupenda. Mimi nilikuwa mtu wa heshima zangu. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikasimama kando ya ukuta kama mtu anayengoja mwenzake.

Chemko lilifika. Gitaa la solo lilichelewa kuingia. Lilichelewa kwa kipimo kile kile. Kisha uzi wa tatu ukalia, na ndani ya sauti yake kulikuwa na ukavu ule, kijiko na sufuria. Nilijua waya huo. Nilikuwa nimeuzungusha kwa mkono wangu mara saba. Sikungoja wimbo wa pili. Nilirudi barabarani nikapata basi la Musoma, na njia nzima sikuwa na shaka hata kidogo.

Kamati ilikaa katikati ya wiki. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka wa mjini, mwepesi wa maneno. Aliniuliza kama nilimkuta Mafuru Bunda, nikaeleza nilichosikia, jinsi solo lilivyochelewa na jinsi waya ulivyolia. Mafuru alinisikiliza hadi mwisho.

“Kwani uliniona, Fundi?” aliuliza.

“Nilikusikia.”

“Nauliza kuniona. Mimi siku hiyo nilikuwaga Kiabakari. Ng'ombe walikuja, wazee wakabishania ndama mmoja mpaka jua likazama.”

Mwenyekiti akasema, “Basi walete hao ng'ombe waje watoe ushahidi.”

Kamati yote ilicheka, na mimi nilicheka pia. Mwenyekiti alipotulia alimwambia katibu aandike kwamba Mafuru ameonekana akipiga Bunda. Ameonekana, ndilo neno alilolisoma katibu kwa sauti ili tulithibitishe. Nilikuwa na elimu ya kutosha kujua tofauti. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwa mtu ambaye neno hilo lilikuwa likimwondolea kazi. Sikulisahihisha. Mafuru aliweka mezani ufunguo wa stoo ya vyombo, akatoka.

Baada ya mavuno ya pamba, mfanyabiashara mmoja wa pamba alikuja kwangu na gitaa ndani ya gunia. Nilimkumbuka: alikuwa amekuja vilevile mapema mwaka ule ule, kabla ya mambo haya yote, nami nikamtengenezea gitaa hilo bila kumuuliza kitu, kwa kuwa nilifundishwa kupokea chombo na kuacha hadithi. Sasa uzi wa tatu ulikuwa umekatika. Nilifungua mahali unapofungwa, na humo nikakuta kijicho cha shaba cha kiatu, kimezungushiwa waya. Nilihesabu mizunguko. Ilikuwa saba.

Nikamuuliza gitaa ni la nani.

“La vijana wa Bunda, Fundi. Mara ya kwanza hukuuliza, nikajua hutaki kujua.”

Nilimuuliza tena nani hulipiga. Akanitajia kijana fundi cherehani, ambaye kila tulipopiga kwenye uwanja wa mpira wa Bunda alikaa mstari wa mbele akimtazama Mafuru vidole. Safari hii sikutosheka na kuambiwa. Gitaa lilipokuwa tayari nililipeleka Bunda mwenyewe, nikamkuta huyo kijana barazani kwenye cherehani, ana futi shingoni. Nikamwomba alijaribu. Alipiga chemko la wimbo wetu mmoja, akachelewa kuingia kama Mafuru, na uzi wa tatu ukalia kama nilivyoutengeneza kulia. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Niliomba maji ya kunywa, nikayanywa, nikarudi.

Nilimwambia mwenyekiti siku iliyofuata. Alinisikiliza akiwa anapanga bidhaa. Akasema wamekwisha kuajiri mpiga solo mwingine. “Unataka tuwe na masolo wawili, Fundi, au unataka tuwe na kamati mbili?” Kisha akaniomba nisiiaibishe bendi.

Nikaenda Nyegina. Mafuru alikuwa analima kwa jembe la ng'ombe, na hakusimamisha ng'ombe hadi alipofika mwisho wa mstari. Nilimweleza kila kitu: kijicho, waya, kijana wa cherehani. Alifuta jasho. Nilitarajia hasira, na nilikuwa nimejiandaa nayo.

“Ulinisema mbele ya watu,” alisema. “Sasa mbona unanisafisha mbele ya ng'ombe?”

Alirudi kwenye jembe lake.

Nataka mwelewe vizuri sehemu inayofuata, kwa sababu ndiyo isiyo na kisingizio. Sikukosa nafasi. Kila Jumapili kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye niliyekijaribu. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikahesabu moja, mbili, moja, mbili, nikakirudisha kwenye mguu wake na kwenda kukaa nyuma ya amplifaya. Nilifanya hivyo kwa miaka. Bendi ilipokufa, ya Bunda ikafuata, nikajiambia kwamba watu wa kuambiwa hawapo tena. Hadithi haikufa pamoja na bendi. Kila nilipoisikia ilikuwa imeongezwa kitu: mara Mafuru alipewa shamba, mara alipewa mke.

Hivi karibuni kundi la vijana na wazee wachache wamefufua jazi kwenye ukumbi wa jamii wa Bunda, ule ule wa zamani, umebadilishwa bati na milango tu. Wanapiga Jumapili alasiri, kama ilivyokuwa. Walinialika niwasaidie kupanga spika, na hivyo nikaingia ndani ya ukumbi huo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Spika zilikuwa zimeelekezwa ukutani, nilizigeuza. Kijana mmoja aliniambia sauti inatosha kwa sababu inapimwa na simu. Nilimwambia apeleke simu ikacheze.

Wakati wa mazoezi nilisikia wakipanga kwamba, kabla ya nyimbo za zamani, mshereheshaji atawasimulia watu visa vya bendi za kale. Nikamuuliza ana kisa gani. Akanisimulia cha solo aliyenunuliwa. Alinisimulia mimi.

Ijumaa yake nilikwenda Nyegina. Mafuru ni mzee sasa, hatembei haraka, lakini ng'ombe anao. Nilimwambia aje Bunda Jumapili.

“Kuna nini?” aliuliza.

“Kuna watu,” nilisema.

Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Nilirudi Musoma bila kujua, na nikaamua nitasema akiwepo au asiwepo.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa wakulima wa pamba, walimu, wafanyabiashara wa samaki, na akina mama waliokuja na vitenge vya kanisani. Nilimwona Mafuru akiingia katika wimbo wa pili. Hakwenda mbele ya spika. Alikwenda pembeni, upande wa rizimu, karibu na ukuta.

Mshereheshaji alianza kisa chake vizuri, ni kijana mwenye sauti. Alipofika kwenye kununuliwa, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Watu wakacheka. Akanipa kipaza sauti akidhani nataka kukirekebisha.

Sikukijaribu. Nilisema jina langu, na kwamba nilikuwa fundi wa bendi ya Musoma. Nilisema kwamba kisa walichosikia ni cha uongo na kwamba mwenye uongo huo ni mimi. Niliwaambia nilisimama nje ya ukuta ule, nikauonyesha kwa kidole, na kwamba nilisikia waya niliouweka mwenyewe kwenye gitaa la watu wengine nikautolea ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuwepo. Nilisema kwamba katibu alipoandika ameonekana, nilijua hakuonekana, nikanyamaza. Kisha nikasema Mafuru hakuwahi kuuza mkono wake kwa mtu yeyote, na kwamba amesimama pale, mwenye koti la kahawia.

Halafu sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, “Mzee, miaka yote hiyo ulikuwa unatafuta umeme?” Wakacheka sana, na walikuwa na haki.

Mafuru alikuja mbele taratibu, watu wakimpisha. Alisimama karibu nami kuliko alivyowahi kusimama tangu siku ya kamati.

“Leo umeingia ndani, Fundi,” alisema.

“Nimeingia.”

“Basi kaa.”

Mshereheshaji, ambaye alikuwa amesoma habari za desturi ya zamani mahali fulani, au ameambiwa, aliwahi kuniletea kiti katikati ya sakafu. Nikakaa. Binti anayepiga solo siku hizi, Bhoke, alivua gitaa begani akampa Mafuru bila kuombwa.

Wapo wanaosema kwamba Mafuru alinisamehe siku ile, na kwamba aliniambia hivyo sikioni. Sikusikia neno kama hilo, na nawasihi msilirudie. Wapo wanaosema alilia. Nilikuwa karibu, na macho yake yalikuwa makavu. Niliyoyaona ni haya: aliujaribu uzi wa tatu, akauona umelegea, akaukaza. Akampa mpiga rizimu ishara ya kichwa. Chemko lilipofika, miguu ya watu iliinuka ikangoja, naye akachelewa kuingia. Macho yangu hayakutoka kwenye vidole vyake hadi wimbo ukaisha. Aliyepiga solo Bunda siku ile alikuwa Mafuru. Nilimwona.